Mpangaji Wangu na Tope la Ziwa la Mjerumani

Wapo watu Kariakoo mpaka leo wanaosema Mwalimu alikuwa na wazimu. Sijawahi kuwajibu kwa upole, na sasa nimezeeka mno kuanza upole. Wazimu gani huo unaoamka alfajiri ukasali, ukavaa kanzu iliyopigwa pasi, ukaenda kufundisha watoto wa watu hesabu, kisha jioni ukarudi kupima tope? Kama huo ni wazimu, basi mji ule ulikuwa na upungufu mkubwa wa wendawazimu.

Alikuwa mpangaji wangu. Alikaa chumba cha mbele, kile chenye dirisha la barabarani, zama za Mwingereza, kabla ya vita vya pili. Alizaliwa wapi na ni mwana wa nani, sijui. Aliyethubutu kumuuliza alijibiwa kwamba habari za kuzaliwa kwake akamuulize mama yake, maana yeye siku hiyo alikuwa mdogo. Jina lake nalijua, ila silitaji. Mtaa mzima tulimwita Mwalimu, na aliyemwita kwa jina hakugeukiwa.

Nyumba niliirithi kwa mama yangu: vyumba sita, ukumbi katikati, uani nyuma, kuta za fito na udongo. Nyuma ya uani ardhi iliteremka, na chini ya mteremko ndipo palipokuwa na ziwa. Naliita ziwa kwa kuwa ndivyo tulivyoliita. Mjerumani alichimba pale udongo wa kujengea tuta la reli, akaenda zake akaacha shimo, mvua ikalijaza, na kijito kilichoshuka kutoka upande wa Ilala kikaliweka na maji mwaka mzima. Nilipokuwa mtoto lilikuwa na kina cha kumzamisha mtu mzima, na mama yangu alinichapa kila aliponikuta karibu nalo. Mwalimu alipohamia kwangu, kunguru walikuwa wanatembea katikati yake.

Nianze na karaha zake, kwa sababu ndizo nilizozizoea kwanza. Asubuhi hakutaka kusemeshwa. Mimi ndiye mwenye nyumba, lakini kwa umri alikuwa kama baba yangu mdogo, kwa hiyo nilimwamkia shikamoo kila siku, na marahaba yake ilifika baada ya yeye kumaliza chai, wakati mwingine nikiwa nimekwisha kwenda sokoni na kurudi. Alikuwa akiimba kasida bafuni kwa sauti iliyowafanya bata wa jirani wahame. Aliogopa vyura. Nasema kweli, mwanamume mzima mwenye ndevu, chura akiruka ukumbini yeye yuko juu ya kiti, na mimi na fagio langu ndio jeshi la kumwokoa. Kisha mtu huyohuyo akaenda kujitia katika ziwa lililojaa vyura.

Na alipenda kuvaa. Tarabushi lake hakulivua hata juani. Kila mwaka, inapokaribia Idi, alimwendea fundi cherehani wake kule sokoni na kumsimamia kichwani tangu asubuhi mpaka kanzu mpya imekwisha, akilalamikia kila mshono. Fundi yule aliwahi kuniambia, "Bibi, mpangaji wako akifa kabla yangu nitamshonea sanda bure, mradi asije kuikagua." Habari hii ya fundi muishike kidogo, kwa maana ilimponza.

Neno lake kubwa lilikuwa moja: nionyeshe. Ukisema samaki leo hawanunuliki, nionyeshe. Ukisema paa linavuja, nionyeshe. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, Bi Tatu, fundi wa kukandika nyumba ambaye mikono yake ilijenga nusu ya mtaa wetu, alimwambia siku moja kwamba mke mwenzake amemroga goti. Mwalimu akasema nionyeshe. Bi Tatu hakusema naye tena kwa muda mrefu sana. Akipita barazani aliuamkia mkeka aliokalia Mwalimu, akamruka mwenyewe.

Basi ukaja mwaka wa masika mabaya. Maji yalipanda kutoka ziwani, yakavuka uani, yakaingia vyumbani. Tulilala juu ya vitanda na kuku wetu. Yalipopungua akaja Bwana Afya, Mzungu mrefu mwenye viatu vya magotini, akasimama juu ya baraza langu bila kukaribishwa, na mtaa wote umekusanyika chini.

"Ninyi watu ni wachafu," akasema, Kiswahili chake kizuri tu. "Takataka zenu zimejaza ziwa. Maji hayana mahali pa kukaa. Sasa nyumba zote za mteremko huu zitavunjwa na shimo litafukiwa. Mtatafuta mahali pengine."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja saa. Mimi nilikuwa nimesimama na mkeka wa mama yangu umelowa mikononi. Nilimchukia mtu yule, na chuki ile sijawahi kuiombea msamaha.

Mwalimu akatoka chumbani kwake, amevaa tarabushi, kanzu ameipandisha kwa sababu ya tope. "Bwana," akasema, "nionyeshe."

"Nini?"

"Takataka zilizojaza ziwa. Nionyeshe."

Bwana Afya akanyoosha mkono kulielekea ziwa.

"Hayo ni maji," Mwalimu akasema. "Nimekuomba takataka."

Watu wakacheka. Bwana Afya hakucheka. Akasema amri itatoka, akashuka, akaenda zake. Na tangu siku ile mpangaji wangu hakuwa tena mtu wa kawaida.

Alinunua mianzi. Alitoboa vifundo vya ndani kwa chuma cha moto, jikoni kwangu, moshi ukatutoa machozi. Kisha akafunga vigogo vya migomba pamoja akapata chelezo, akakipanda na tarabushi lake, hajui kuogelea, akajisukuma kwa upondo mpaka katikati. Pale aliuzamisha mwanzi wima ndani ya tope, akausukuma kwa uzito wake wote, akaziba mdomo wa juu kwa nta, akauvuta polepole. Mara ya kwanza alianguka. Mtaa mzima ulikuwa ukingoni ukishangilia, na yeye akatoka amejaa magugu, tarabushi mkononi, akasema kwa heshima zote, "Kina chake ni kifupi kuliko nilivyodhani."

Mwanzi aliuacha kivulini mpaka tope likaze, kisha akaupasua kwa urefu kwa panga. Ndani tope lilikuwa limesimama kama lilivyolala ziwani, la chini chini na la juu juu. Kulikuwa na jeusi, la kijivu, jekundu, na katikati yake nyuzi nyeupe nyembamba, moja juu ya nyingine. Aliipanga mianzi ile iliyopasuliwa ukumbini kwangu pande zote mbili, na mgeni aliyetaka kufika uani alipita upandeupande. Niligomba. Nilisema hii ni nyumba, si shamba la mpunga. Akanijibu, "Mwenye nyumba, unataka nyumba au unataka ukumbi?" Nikapita upandeupande, kwa kuwa nilitaka nyumba.

Zile nyuzi nyeupe ndizo zilizomtia kiburi. Akatangaza barazani kwamba ni majivu. Kila kiangazi, akasema, vichaka vya mteremko wa Ilala huungua, jivu likaletwa na kijito likatua ziwani, kwa hiyo kila uzi mweupe ni kiangazi kimoja. Aliieleza habari hii kwa wauza kahawa, kwa mahamali, kwa Mwarabu wa duka la pembeni aliyetuuzia sukari na chokaa, hata kwa wanafunzi wake darasani. Aliieleza vizuri mno. Sote tuliamini.

Jioni moja Bi Tatu alikuja kuniazima ungo. Akapita ukumbini upandeupande, akasimama, akachuchumaa mbele ya mwanzi mmoja. Akachota weupe ule kwa ukucha, akauonja kwa ncha ya ulimi, akatema.

"Mwalimu," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jina hilo tangu ugomvi wa goti. "Hii ni chokaa."

"Ni jivu, Bi Tatu."

"Baba, mimi nimepaka chokaa kabla hujaota ndevu. Wewe Idi ukutani unapaka jivu?"

"Nionyeshe," akasema Mwalimu, lakini sauti ilikuwa imepungua.

Hapakuwa na cha kuonyeshwa, jambo lenyewe tulilijua sote na hakuna aliyelifikiria. Siku ya mwisho ya mfungo mtaa mzima ulipaka nyumba chokaa, ndiyo desturi, Idi haikuti ukuta mchafu. Jua likielekea kuzama tulishuka wote ziwani na madebe yetu na makumbi ya nazi tuliyopakia, tukasuuza, na machicha ya chokaa yaliyobaki tukayamwaga humohumo, tukisema yanaua viluwiluwi vya mbu. Ziwa lote lilikuwa jeupe kama tui. Kila mwaka, tangu mama zetu. Watu wote waliliona hilo isipokuwa mtu mmoja, ambaye siku hiyo, kila mwaka, alikuwa sokoni amemsimamia fundi cherehani.

Mwalimu aliingia chumbani akafunga mlango. Nilidhani analia. Kesho yake alitoka mapema, akaenda kwa Bi Tatu, akasimama nje ya mlango wake na kanzu safi. "Miaka yote hii mmekuwa mkitia alama ya mwaka ziwani," akamwambia, "na hamkuniambia." Hiyo ndiyo samahani aliyoiweza. Bi Tatu akaichukua, akamkaribisha uji.

Tangu hapo wawili wale walikuwa hawaachani. Walisoma mianzi pamoja, wakihesabu kutoka Idi hadi Idi. Na hapa nataka nimsifu Mwalimu kwa jambo ambalo wengi walimlaumu. Alitwambia ukweli hata sisi wenyewe. Kule chini, kwenye miaka ya nyuma, tope lilikuwa jeusi, na ndani yake mlikuwa na maganda, magamba ya samaki, vigae vya sahani, mkaa. "Takataka zenu zimo," akasema. "Msijifanye malaika." Lakini baina ya Idi na Idi weusi ule ulikuwa mwembamba, unene wa ukucha. Ukipanda juu, ghafla tope linakuwa jekundu, la changarawe, halina ganda wala gamba, na baina ya Idi na Idi unaweza kulaza kiganja.

Bi Tatu akahesabu zile Idi kwa vidole. "Huu ndio mwaka walipokata mikorosho kule juu," akasema.

Ndivyo ilivyokuwa. Kule juu ya kijito mkandarasi mmoja alipewa kilima achimbe udongo mwekundu wa barabara za uzunguni. Aliifyeka mikorosho yote, akakichubua kilima kikabaki kama kidonda, na kila mvua iliponyesha kilishuka kwetu. Mwalimu alipanda kule akarudi na udongo katika leso, akauweka kando ya ule wa mwanzi. Rangi moja, changarawe moja.

"Hiki hakikutoka uani kwenu," akatwambia. "Hiki ni kilima. Kimehama."

Alikodi rukwama, akapakia mianzi, akaisindikiza kwa miguu mpaka ofisini kwa Bwana Afya. Nilikwenda naye, mimi na Bi Tatu, tumevaa kanga zetu za kutokea. Bwana Afya aliitazama mianzi kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea, hata akainama. Mwalimu akamweleza yote, na chokaa, na Idi, na mikorosho. Mwishowe Mzungu akasimama wima.

"Mwalimu," akasema, "udongo ni udongo. Amri iko palepale."

Wiki ile mkuu wa shule alimwita Mwalimu akamtaka achague kati ya tope na chaki. Habari hiyo aliniletea jioni huku anakula halua, aliyokuwa akiipenda kuliko wali.

"Ukamjibuje?"

"Nimemwambia chaki nayo ni udongo tu."

Kazi ikaishia hapo. Mimi nililia, yeye akaniuliza kama nitaimaliza halua ile au aimalize yeye.

Nani alilitoa lile wazo la mwisho, yeye au Bi Tatu, sijui, na kila mmoja alidai ni lake. Tulilitekeleza mwezi wa kabla ya mfungo, maji yalipokuwa yamepungua. Tulishuka ziwani wote, wake kwa waume, na majembe, karai na makapu, tukalizoa tope jekundu, tukalirundika nyuma ya nyumba. Wazee waliposikia kuta zitakandikwa kwa tope lile na kuachwa nyekundu, walinung'unika. Idi bila chokaa, wakasema, ni matanga. Mwalimu akasimama mbele yao msikitini akasema matanga yatakuja siku nyumba zitakapovunjwa, na hapo mtapaka chokaa wapi? Mmoja akamwita mpangaji asiye na ukuta wa kupaka. Alimeza lile, akarudi kwenye karai lake. Bi Tatu akawafundisha hata wasiojua kulikanda na majani makavu lishike, na siku za mwisho za mfungo, midomo mikavu na matumbo matupu, tukazikandika nyumba zetu upya.

Asubuhi ya Idi mteremko wetu ulikuwa mwekundu kutoka juu mpaka chini. Ukisimama barabarani ulikiona kile kilima kilichochubuliwa kule juu, ukaziona nyumba zetu chini, na hukuhitaji mkalimani. Watu walitoka Ilala, walitoka Magogoni, kuja kutazama. Saa ya watu kupeana mikono akaja Bwana Afya na wenzake wawili. Alipita nyumba moja baada ya nyingine, akafika kwangu, akaukwaruza ukuta kwa ufunguo, akautazama unga ule kiganjani.

Mwalimu alikuwa barazani na kanzu yake mpya. "Idi njema, Bwana," akasema. "Karibu biriani. Kilima chako tumekuhifadhia."

Masika yaliyofuata maji yalifika mwisho wa uani, yakakaa hapo. Ziwa lilikuwa na mahali pa kuyaweka tena. Hakuna aliyekuja kuvunja. Hawakusema wamekosea, wala sisi hatukuambiwa tumeshinda, na kule juu waliendelea kuchimba. Kwa hiyo kila mwaka tulishuka tukazoa. Tuliwakatalia kwa majembe.

Mwalimu alikaa kwangu kidogo tu baada ya hapo. Shule zote zilikuwa zimeshasikia habari zake. Akahamia Ilala kwenye viwanja vipya, akawa anafundisha watoto hesabu barazani kwa mtu. Tulionana misibani.

Habari yake ya mwisho ilianza wakati minong'ono ya vita vingine na Mjerumani imeanza. Bi Tatu tulikuwa tumekwisha kumzika. Vijana walikuwa hawataki tena kushika karai. Bwana Afya mpya akaja na maneno ya zamani, safari hii yana sukari: nyumba za mteremko zitavunjwa, ila kila mwenye nyumba atapewa kiwanja Ilala. Nilikuwa nimechoka. Niliwaambia wapangaji wangu watafute pengine, nikaenda Ilala kukitazama kiwanja changu.

Nilimkuta barazani, amekonda, mguu mmoja umevimba matende, ameuweka juu ya kigoda.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba," akajibu papo hapo, nikajua amezeeka. "Umefuata nini huku?"

Nikamwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

"Nimechoka," nikasema. "Na wewe nyumba ile haikuwa yako, siku ile wala leo. Kazi yako imekwenda, mimi nimebaki na kuta. Uligombea nini?"

"Waliwaita wachafu," akasema. "Na mimi nilikuwa nakula kwenu." Akajikuna mguu. "Chumba cha mbele anakaa nani?"

"Hakuna mtu. Nimewatoa wote."

"Basi nakitaka."

"Mwalimu, nyumba inavunjwa."

"Inavunjwa nami nimo ndani? Mguu huu haubebeki, mwenye nyumba. Waje waubebe wao. Niitie hamali."

Nilimtazama kutafuta kama anatania. Alikuwa amekwisha kuanza kukunja mkeka wake. Nilikasirika, nikacheka, nikatoka kutafuta hamali. Tukarudi Kariakoo hivyo, kitanda chake na yeye mwenyewe juu ya rukwama, mimi natembea ubavuni, na kiwanja sikukitazama. Watu walituuliza njiani tunamhamishia wapi mgonjwa. Aliwajibu kwamba si mgonjwa, ni mpangaji.

Walikuja na nyundo zao na karani wa kusoma majina. Walimkuta kitandani katika chumba cha mbele, mlango wazi, mguu unaelekea barabarani, na mimi nimeketi kizingitini nachambua mchele. Karani akasoma jina langu. Nikasema ndiye mimi, na sihami, na ndani nina mpangaji. Majirani wakaanza kutoka mmoja mmoja, wakakaa barazani kwao vilevile. Wale watu walishauriana chini ya jua kwa muda, wakasema watarudi. Kabla hawajarudi vita vikaanza, na nyundo zikapata kazi nyingine.

Alifia humo, juu ya kitanda chake, mvua ikinyesha na uani pakavu. Jeneza lilitokea katika mlango uliokuwa uvunjwe, likapita mbele ya nyumba ambazo zote zilikuwa zivunjwe, na kila nyumba ilitoa mtu wa kulibeba. Walipotoweka machoni katika njia ya makaburini nilirudi, nikaufunga mlango kwa ufunguo wangu.